Kiini cha atomu si duara kila mara: hivi ndivyo umbo lake linavyopimwa

Kwenye vitabu vya sekondari, kiini cha atomu huchorwa kama mpira. Kumbe viini vingi si duara kamili. Vingi vimerefuka kama mpira wa raga, na vichache vina umbo la peasi au parachichi: upande mmoja mnene, mwingine mwembamba.

Sasa, mtu anajuaje wakati hakuna darubini ya kukiona kiini? Jibu: anakitikisa, halafu anaangalia kinavyotulia.

Mfano unaojulikana sana ni wa CERN, karibu na Geneva, Uswisi. Matokeo yake yalitoka mwaka 2013 katika jarida la Nature.

Walifanyaje?

1. Protoni zenye kasi zilirushwa kwenye urani. Hapo zikapatikana atomu za radiamu-224 na radoni-220.

2. Atomu hizo zilichujwa, zikaongezewa kasi hadi kama asilimia 8 ya kasi ya mwanga. Hakuna kuchelewa hapa: nusu ya radoni-220 huoza ndani ya dakika moja.

3. Zilielekezwa kwenye vipande vyembamba vya nikeli, kadimi na bati. Viini havikugongana, vilipitana kwa karibu tu. Lakini kwa kuwa vyote vina chaji chanya, vilisukumana, na msukumo huo ukavipa nishati ya ziada.

4. Kiini kikitulia, hutoa nishati hiyo kama miale ya gama. Kwa kupima nishati na wingi wa miale hiyo, wataalamu hukokotoa umbo.

Walipata nini?

Radiamu-224 ina umbo la peasi, tena la kudumu. Radoni-220 haina umbo hilo la kudumu. Inatetema tu, umbo linakuja na kupotea.

Lina faida gani?

Ulimwengu ulipoanza, mata na antimata zilitakiwa kuwa sawa na kumalizana. Mbona sisi tupo? Wanafizikia wanahisi jibu linaweza kujificha kwenye chaji za atomu zilizoachana kidogo sana, na kiini chenye umbo la peasi hukuza dalili hiyo, kama ipo.

Kwa hiyo kujua umbo ni kujua pa kutafuta. Maabara ya Argonne, Marekani, imeshaitafuta kwa kutumia radiamu-225. Dalili yenyewe bado haijaonekana.