Gumegume na Fataki Ukingoni mwa Nyasa

Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa Kikisi kati ya Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone, ni ufuko wa mvua nyingi. Na mvua ndiyo hasimu wa gobori, bunduki ishindiliwayo baruti na risasi kwa mdeki kupitia mdomo wa kasiba.

Magobori yalifika pande hizo na misafara ya pembe. Mwaka 1887 yalilia Karonga, ng'ambo ya magharibi, katika vita vya Mlozi na kampuni ya Waskoti. Mwindaji mwenye busara alikagua kasiba isiwe na ufa, kisha likaja swali zito: jiwe au fataki? Bunduki ya gumegume huwaka kwa cheche za jiwe, na baruti yake ya pembeni ikilowa, huwa bubu mbele ya kiboko. Fataki hustahimili unyevu, lakini zikiisha, mwenyewe humrudia tajiri wa msafara.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwaamulia wawindaji: ulibana biashara ya bunduki bora, ukabakiza gumegume yenye kasiba laini na baruti ya kawaida. Askari wa Wajerumani walikuja na Mauser za mtindo wa 1871, zijazwazo kwa nyuma.