Chombo na Ujuzi Wake

Magharibi ya mji wa Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong, upo mtaa uitwao Jamhuri, na jirani yake uwanja mkubwa wa maonyesho ya kilimo na biashara. Kwa miaka mingi watu wamefika uwanjani hapo kutazama mitambo mipya. Lakini kuona chombo si kukipata, na kukipata si kujua kukitumia. Neno hilo lathibitika katika historia ya Kenya ilipojitahidi kuwapa wananchi wake ujuzi wa kompyuta na simu kwa ajili ya biashara.

Hata mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti yake. Njia hiyo ilikuwa nyembamba na ghali, na mfanyabiashara mdogo hakuimudu. Mataifa mengi ya Afrika yalikuwa yakishauriana juu ya mkonga mmoja wa kupita baharini, lakini mashauri yalikawia. Kwa hiyo Serikali ya Kenya, ikishirikiana na makampuni ya simu, iliazimia kutandaza mkonga mwingine kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, mpaka Mombasa. Dk. Bitange Ndemo, aliyekuwa Katibu wa Kudumu wa Habari na Mawasiliano, alilishughulikia sana jambo hilo. Mkonga uliwasili Juni 2009, na Julai mkonga wa kampuni ya SEACOM ukaanza kazi. Njia ilipatikana. Je, nao ujuzi uliletwa na nani?

Jawabu lataka turudi nyuma kidogo. Mwaka 2005 kampuni ya Safaricom, pamoja na Vodafone ya Uingereza, ilianza kujaribu njia ya kulipa mikopo midogo kwa simu. Wenye mpango walitazamia marejesho ya mikopo tu. Watumiaji wakaipa kazi nyingine: walipelekeana fedha wao kwa wao. Wenye mpango hawakuona haya kufundishwa na wateja. Huduma ilipofunguliwa Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, ilitangazwa kuwa njia ya kupeleka fedha nyumbani.

Shule ya ujuzi huo ilikuwa duka dogo la mtaani, na mwalimu wake wakala wa M-Pesa. Wakala alipata ujira kwa kazi aliyomfanyia mteja. Basi alikuwa na sababu njema ya kumwelekeza asiyejua, leo na kesho, mpaka ajue. Hivyo mamilioni ya watu walijifunza bila kuingia darasani.

Machi 2010 kituo kiitwacho iHub kilifunguliwa katika jengo la Bishop Magua, katika Barabara ya Ngong, si mbali na Jamhuri. Mwasisi wake, Erik Hersman, alikuwa miongoni mwa waliotengeneza Ushahidi, programu iliyozaliwa Januari 2008 ili kukusanya habari za machafuko yaliyofuata uchaguzi na kuzionyesha katika ramani. Vijana walikutana iHub, wakafundishana kutunga programu, na wengine wakaanzisha biashara.

Wakati huo Serikali ilikuwa na azimio kubwa zaidi. Ilinunua ekari 5,000 huko Konza, yapata kilometa 60 kutoka Nairobi, ili kujenga mji mpya wa teknolojia. Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013. Miaka kumi baadaye mji ulikuwa ungali ukijengwa. Si haki kuucheka, kwani barabara, maji na umeme havitengenezwi na vijana wachache katika chumba kimoja, wala mkonga wa baharini haukuletwa na wenye maduka. Lakini majengo hungoja watu, na watu hawafunzwi kwa saruji.

Mpango Mkuu wa Kidijitali wa Kenya, wa miaka 2022 hadi 2032, umeweka shabaha ya kilometa 100,000 za mkonga na vituo 1,450 katika wadi. Hesabu ya kwanza ni ya njia, ya pili ni ya watu, na hii ya pili ndiyo ngumu. Kituo chenye kompyuta nzuri kisicho na mwalimu mvumilivu hugeuka ghala. Fikirini mshona nguo wa Kawangware: asipojua kuweka hesabu zake katika simu, hatajua faida yake; asipojua kupambanua ujumbe wa kweli na wa hila, laghai atamnyang'anya kwa dakika moja akiba ya mwaka mzima.

Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Ninyi wanafunzi mmezikuta njia zimekwisha tandazwa. Ajuaye miongoni mwenu na amwelekeze jirani asiyejua, kama wakala alivyomwelekeza mteja wake, maana mpango wa taifa hufika nyumbani kwa mtu kwa mkono wa mtu.