Picha Tulizozitazama Pamoja

Katika jarida hili la kumbukumbu msomaji atakuta historia ya ujenzi wa hekalu letu, shukrani kwa waliojitolea mali na nguvu zao, na salamu za viongozi wetu. Hayo yote yanastahili nafasi yake. Mimi nimeomba kurasa chache nieleze historia nyingine, ambayo haikupata kuandikwa katika daftari za kamati ingawa wengi wetu, pamoja na majirani zetu, tuliishi ndani yake. Ni historia ya sinema za Kihindi, na jinsi zilivyotuketisha katika ukumbi mmoja watu ambao ibada zetu ni mbalimbali.

Fikra hii ilinijia barazani pa hekalu. Jioni moja baada ya sikukuu ya Diwali, wazee kadhaa walikuwa wameketi wakinywa chai, na mmoja wao akauliza: ni picha gani ungependa kuiona tena kabla hujafumba macho? Majibu hayakuchelewa. Mmoja alitaja Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Mwingine alishikilia Mother India ya mwaka 1957, akisema kwamba tangu siku alipomwona Nargis akimpiga risasi mwanawe wa kumzaa ili kuilinda heshima ya kijiji, hajaona tena mama aliyeigizwa hivyo. Vijana waliokuwa wakipanga viti walicheka kidogo, kwani kwao picha za zamani ni ndefu na za mwendo wa kinyonga.

Wakati huo alikuwapo bibi mmoja Mwislamu, jirani yetu wa miaka mingi, aliyekuja kumchukua mjukuu wake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye angechagua Baiju Bawra. Kisha, bila kuombwa, akaanza kuimba taratibu bhajan iliyomo katika picha hiyo, ubeti kwa ubeti, hadi mwisho. Kijana mmoja akamwuliza kwa mshangao, “Bibi, umeijuaje nyimbo yetu ya hekaluni?” Akajibu, “Mwanangu, naijua kabla mama yako hajazaliwa. Niliisikia Unguja, kwenye zanana.”

Jibu hilo lina historia mbili ndani yake, nami nitazieleza moja baada ya nyingine.

Historia ya kwanza ni ya bhajan yenyewe. Baiju Bawra ilitoka mwaka 1952, ikaongozwa na Vijay Bhatt. Inasimulia habari za mwimbaji kijana anayetaka kulipiza kisasi cha baba yake kwa Tansen, mwimbaji mkuu wa baraza la Mfalme Akbar. Bhajan hiyo ni dua ya mja anayeililia ziara ya Mungu wake, na hata leo huimbwa katika mahekalu mengi. Maneno yake yaliandikwa na Shakeel Badayuni. Muziki ulitungwa na Naushad, kwa kufuata raga ya Malkauns. Sauti ni ya Mohammed Rafi. Watatu hao wote walikuwa Waislamu. Kwa hiyo kijana aliyeshangaa kwamba jirani Mwislamu anaijua nyimbo yetu hakujua kwamba tangu siku ya kuzaliwa kwake nyimbo hiyo ilikuwa zawadi ya Waislamu kwa Wahindu.

Historia ya pili ni ya zanana. Neno hilo lilitumika kwa maonyesho ya wanawake peke yao. Katika miji ya pwani kama Unguja na Mombasa, ambako heshima ya wanawake ilitaka wasichanganyike na wanaume, wenye kumbi waliwatengea wakati wao. Mama wa Kihindu aliyevaa sari na mama wa Kiswahili aliyevaa buibui walikaa safu moja, wakalia mahali pamoja. Wengi hawakujua Kihindi, lakini walikifahamu kisa: mkwe anayeonewa, penzi linalozuiwa na wazazi, maskini anayedhulumiwa na mkopeshaji. Hayo hayakuhitaji mkalimani.

Kumbi nazo zina habari zake. Mjini Unguja, katika eneo la Vuga, palikuwa na Royal, iliyofunguliwa mwaka 1921 na iliyochorwa na Mwingereza John Sinclair. Jengo hilo liliteketea kwa moto, na mahali pake pakajengwa Majestic katika miaka ya 1950 kwa michoro ya Dayalji Pitamber Sachania. Unguja ilikuwa pia na Empire na Sultana. Dar es Salaam ilikuwa na Avalon, Empress, Odeon na nyinginezo, na mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-In, ambako familia zilitazama picha zikiwa ndani ya magari au juu ya mikeka. Mikanda ilikuja kwa meli kutoka Bombay. Siku za Idi na za Diwali tikiti zililanguliwa mlangoni, na aliyekosa alirudi nyumbani kama aliyefiwa.

Sitaki msomaji adhani kwamba kumbi zile zilikuwa pepo. Viti vilipangwa kwa bei, na zama za ukoloni bei mara nyingi ilifuata rangi na tabaka. Waliokaa juu hawakuwa daima wakiwaamkia waliokaa chini. Hata hivyo taa zilipozimwa, kicheko kilikuwa kimoja. Na walipotoka nje, muziki haukubaki ndani. Waimbaji wa taarab waliuchukua, wakautia maneno ya Kiswahili; marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alipata sifa kubwa kwa taarab yenye mahadhi ya Kihindi. Mtu aliyeimba mahadhi hayo harusini hakujiona amekopa kwa mgeni.

Tangu jioni ile, mazungumzo yetu ya barazani yalizaa desturi mpya. Mara moja kwa mwezi tunatazama picha ya zamani katika ukumbi wa hekalu, na majirani wanakaribishwa. Tulianza na zile ambazo kila mtu alizikumbuka. Baadaye tukakubaliana kwamba kila baada ya picha mashuhuri, tutafute moja iliyosahauliwa. Hapo ndipo tulipojifunza mengi, na ndipo tulipohuzunika.

Tulianza na asili. Dadasaheb Phalke, anayeitwa baba wa filamu ya Kihindi, alipata wazo lake baada ya kutazama filamu ya maisha ya Yesu mjini Bombay. Akajiuliza kwa nini Rama na Krishna nao wasionekane juu ya kitambaa. Mwaka 1913 akaonyesha Raja Harishchandra, kisa cha mfalme aliyepoteza ufalme na familia kwa ajili ya kushika ukweli. Leo tunayo sehemu tu ya kazi hiyo. Mwaka 1919 alitengeneza Kaliya Mardan, na binti yake Mandakini, mtoto mdogo, akaigiza Krishna anayemshinda nyoka Kaliya. Hii nayo haikusalimika yote. Ilipooneshwa ukumbini kwetu, picha bubu isiyo na rangi, watoto waliosemekana hawawezi kutulia walikaa kimya, maana shujaa alikuwa mtoto mwenzao.

Alam Ara ya Ardeshir Irani, Mparsi wa Bombay, ndiyo picha ya kwanza ya Kihindi iliyosema. Ilionyeshwa tarehe 14 Machi 1931 katika ukumbi ulioitwa Majestic, jina lile lile lililokuja kuvikwa ukumbi wa Unguja. Hakuna nakala yake inayojulikana kuwapo. Mikanda ya zamani ilikuwa ya nitrati, inayoshika moto upesi. Iliyochakaa iliuzwa ili fedha iliyomo ndani yake ikamuliwe. India ilianzisha hifadhi ya taifa ya filamu mjini Pune mwaka 1964, na mlezi wake, P. K. Nair, alizunguka miaka mingi akikusanya mabaki, yakiwamo ya Phalke. Bado mwaka 2003 moto uliteketeza huko Pune mikanda mingi ya nitrati.

Kuna pia picha ambazo hazikuungua, ila zilidharauliwa. Mwaka 1959 Guru Dutt alitoa Kaagaz Ke Phool, kisa cha mwongozaji wa filamu anayeporomoka kutoka katika utukufu. Ilikuwa picha ya kwanza ya India kwa skrini pana ya CinemaScope. Mpiga picha V. K. Murthy alitumia vioo kuliingiza jua ndani ya studio, akapata mwali mmoja mrefu wa mwanga unaowatenga wapenzi wawili gizani. Watazamaji waliikataa. Guru Dutt hakuweka tena jina lake kama mwongozaji katika picha nyingine, naye akafariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 39. Leo wajuzi huihesabu miongoni mwa kazi bora za India, lakini mwenyewe hakuishi kuyasikia hayo. Mzee mmoja wetu alikiri kwamba aliiona ujanani, akatoka kabla haijamalizika. Safari hii alikaa hadi mwisho, na taa zilipowashwa hakuinuka upesi.

Picha iliyotugusa zaidi wote ni Sant Tukaram, ya lugha ya Kimarathi, iliyotengenezwa na studio ya Prabhat mwaka 1936 na kutambuliwa katika tamasha la Venice mwaka uliofuata. Waongozaji wake ni wawili, Damle, Mhindu, na Fattelal, Mwislamu. Inasimulia maisha ya mtakatifu mshairi wa karne ya 17 ambaye maadui zake walilazimisha tungo zake zitupwe mtoni. Kwa mujibu wa mapokeo, baada ya siku kadhaa mto ulizirudisha bila kudhurika.

Nimeufikiria sana mto huo. Filamu zetu nazo zimetupwa mtoni, na kumbukumbu za kumbi zetu zimo njiani kuzifuata. Nyingi ya kumbi hizo zimefungwa au zimegeuzwa maduka na maghala. Wengi waliozijaza walihama nchi, wengine wametutangulia. Mto hautarudisha kitu peke yake. Tukaram alikesha ukingoni akiomba, na Nair alipanda magari na treni akitafuta.

Kwa hiyo nawaomba waumini na majirani: mwenye bango la zamani, kipande cha tikiti, sahani ya santuri au picha iliyopigwa mbele ya ukumbi, asiitupe. Ailete katika maktaba ya hekalu tuinakili na kumrudishia. Na mwenye mzee nyumbani, amwulize lile swali la barazani, kisha aandike jibu. Bibi yule tuliyemsikia akiimba bado yupo, ashukuriwe Mungu, na hukaa kiti cha mbele kila mwezi. Ameahidi kumfundisha kijana yule ubeti wa pili, ambao hata sisi tulikuwa tumeusahau.