Mpira wa mkojo wa silikoni: unakaa muda gani, na wewe mlezi ufanye nini

Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali akiwa na mpira wa mkojo, ukurasa huu ni wako. Huenda ni baba mkwe mwenye tezi dume, mama aliyepooza baada ya kiharusi, au ni wewe mwenyewe umetoka kujifungua baada ya uchungu wa muda mrefu. Hapa Biharamulo na kwa majirani zetu wa Ngara, kazi ya kuuangalia mpira huo mara nyingi huangukia kwa mama wa nyumba, binti au mkwe, na maelekezo aliyopewa wodini ni mafupi.

Nianze na kisa. Nilimtembelea mzee mmoja kijijini, mpira wake ulikuwa na zaidi ya miezi minne. Mkwe wake alikuwa anamtunza vizuri sana, shuka safi, maji ya kunywa pembeni. Nilipouliza kwa nini hawakurudi, alinijibu kwamba pakiti iliandikwa silikoni, na waliambiwa silikoni haiozi. Kwenye kadi hapakuwa na tarehe ya kurudi. Mzee alikuwa na homa, na mkojo ulikuwa unapita pembeni ya mpira badala ya kupita ndani. Mkwe hakukosea kwa uzembe. Hakuna aliyemwambia kwamba silikoni nayo ina mwisho wake.

Silikoni ni nini hasa?

Mipira ya mkojo tunayoitumia ni ya aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya lateksi, yaani mpira wa asili unaotokana na utomvu wa mti. Ya pili ni ya silikoni tupu, ambayo hutengenezwa kiwandani. Silikoni ni laini kwa mwili, haisababishi mzio wa lateksi, na kwa kuwa ukuta wake ni mwembamba, tundu la ndani ni pana zaidi kuliko la lateksi ya saizi ileile. Chumvi za mkojo huchelewa kidogo kuganda ndani yake. Kwa sababu hizo mpira wa silikoni tupu unaweza kukaa hadi wiki 12, wakati wa lateksi hukaa muda mfupi zaidi.

Kuna aina nyingine inayowachanganya watu wengi: lateksi iliyopakwa silikoni juu. Pakiti yake nayo ina neno silikoni, lakini ndani ni lateksi ileile. Mingi ya aina hiyo ina ukomo wa siku 28 au chini ya hapo. Kwa macho, silikoni tupu huwa nyeupe ya kung'aa au unaona ndani kama kupitia plastiki, na lateksi huwa ya manjano au rangi ya kahawia hafifu. Lakini usiamue kwa rangi peke yake. Mwombe muuguzi akuandikie mambo matatu kwenye kadi: aina ya mpira, tarehe ulipowekwa, na tarehe ya kuutoa au kuubadilisha. Ukipewa pakiti, itunze. (Ile rangi ya kijani, ya chungwa au nyekundu kwenye mdomo wa kuwekea maji inaonyesha saizi tu. Haihusiani na siku.)

Wiki 12 ni ukomo wa juu wa kifaa. Haina maana kila mgonjwa akae nacho wiki 12. Wengine huziba baada ya wiki 3, na mpira ambao hauhitajiki tena unatakiwa kutoka mapema iwezekanavyo. Ni haki yako kuuliza kila mnapokwenda kliniki: bado anauhitaji?

Mambo ambayo silikoni haiwezi

Haizuii maambukizi. Kila siku mpira unapokuwa ndani, vijidudu hupata njia ya kupanda, na baada ya mwezi mmoja karibu kila mgonjwa huwa na vijidudu kwenye mkojo, awe na silikoni au lateksi. Kwa hiyo mkojo kuwa na ukungu au harufu peke yake si sababu ya kukimbilia dukani kununua antibayotiki. Homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno au chini ya kitovu, mzee kuanza kuchanganyikiwa ghafla: hizo ndizo sababu za kwenda kituoni.

Haizuii kuziba. Chumvi huganda taratibu kama ule utando mgumu mweupe unaobaki ndani ya birika. Na lile puto dogo linaloushikilia mpira ndani ya kibofu hupoteza maji kidogo kidogo kupitia silikoni yenyewe, ndiyo maana wakati mwingine mpira huchomoka wenyewe. Ukichomoka, usiurudishe hata kama unauona msafi. Mpeleke mgonjwa kituoni.

Na haivumilii kuvutwa. Tafadhali usiukate mpira kwa wembe ukidhani puto litanywea. Linaweza lisinywee, na kipande kikabaki ndani. Kuuvuta puto likiwa limejaa huchana njia ya mkojo. Mgonjwa aliyechanganyikiwa huuvuta mwenyewe, hasa usiku, kwa hiyo ufunge pajani kwa plasta au kitambaa laini, ukiacha nafasi kidogo ili mguu ukinyooka usivute.

Utunzaji wa kila siku

Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kushika chochote. Muoshe mgonjwa sehemu za siri kwa maji safi na sabuni ya kawaida mara moja au mbili kwa siku na baada ya choo. Kwa mwanamke osha kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa mwanaume ambaye hajatahiriwa, ngozi ya mbele ukishaivuta nyuma na kuosha, irudishe mahali pake. Ikiachwa nyuma huvimba na kubana. Usipake mafuta ya mgando wala dawa yoyote kwenye mpira. Usitie dettol.

Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, lakini usiguse sakafu. Kwenye kitanda cha kamba utundike pembeni. Safarini kwa bodaboda ndiko watu wengi hukosea: mfuko huwekwa mapajani au begani, mkojo unarudi ndani. Ufunge kwenye mguu chini ya goti, na umwage kabla ya kuondoka. Mwaga ukifika karibu theluthi mbili, usingoje ujae hadi uvute. Na usitenganishe mpira na mfuko bila sababu, maana kila unapofungua unawapa vijidudu mlango.

Anywe maji na uji wa kutosha, isipokuwa kama daktari amempangia kiasi kwa sababu ya moyo au figo. Matunda na mboga pia, kwa sababu choo kigumu hukandamiza mpira na mkojo ukagoma kushuka.

Mama aliyetoka kujifungua

Uchungu ukikaa muda mrefu, kichwa cha mtoto hubana kibofu, na hapo fistula inaweza kutokea. Mpira unaowekwa baadaye huacha kibofu kikiwa tupu ili kipone. Nawaona akina mama wanaoutaka utolewe siku ya tatu kwa sababu ya aibu ya kutembea na mfuko. Mama, vumilia siku zote ulizoandikiwa. Ukitolewa na bado mkojo unatiririka bila kujizuia, usijifiche nyumbani. Fistula inatibika, na hospitali kama Bugando Mwanza na CCBRT Dar es Salaam zinafanya upasuaji huo.

Mama mwenye mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, mwambie kila mhudumu kabla hajamgusa mtoto. Watoto hawa hupata mzio wa lateksi kwa urahisi, na kwao mpira usio na lateksi ni wa lazima.

Wahi kituo cha afya, hata usiku

Mkojo ukiacha kushuka kwa saa 2 hadi 4, kwanza angalia kama mpira umepinda au mgonjwa ameulalia, na kama mfuko uko chini. Kama bado haushuki, au tumbo la chini limejaa na linauma, ondokeni. Ondokeni pia mkiona damu nyingi au mabonge, homa ya kutetemeka, au mkojo unapita pembeni. Usijaribu kuuzibua kwa kusukuma maji na bomba la sindano nyumbani.

Mnapokwenda, bebeni kadi na ile pakiti. Kama zahanati ya kijiji haina mpira wa saizi hiyo, pakiti itamsaidia mhudumu kujua awapeleke wapi na aagize nini.