Sikio Baada ya Patasi

Upasuaji wa mastoidi, yaani mfupa ulio nyuma ya sikio, ulianza kabla madaktari hawajajua kutambua madhara yake. Mwaka 1791 huko Denmark, Johan Just Berger, daktari wa mfalme, alitobolewa mfupa huo kwa matumaini ya kuponywa uziwi na mvumo masikioni. Siku chache baadaye alifariki kwa homa ya uti wa mgongo. Kifo hicho kiliwatisha wapasuaji, na kwa miongo mingi wachache tu walithubutu kuugusa mfupa huo. Woga wao ulikuwa na msingi: homa, maumivu ya kichwa na kuweweseka vilionyesha kwamba kuna hatari, lakini mahali ilipo palijulikana tu maiti ilipopasuliwa.

Hermann Schwartze wa Halle, Ujerumani, aliufufua upasuaji huo mwaka 1873 kwa patasi na nyundo. Kwa kuwa neva ya uso hupita karibu sana na hapo, msaidizi aliwekwa kumkodolea macho mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa dawa. Shavu likishtuka, patasi imekaribia mno. Uso ukabaki kuwa kipimo hata baada ya upasuaji. Mdomo uliopinda tangu mgonjwa anapozinduka huashiria kwamba neva yenyewe huenda imejeruhiwa, ilhali ukipinda baada ya siku kadhaa, mara nyingi ni uvimbe, na uso hurudi.

Mwaka 1891 Heinrich Quincke alianzisha uchomaji wa sindano kiunoni kupata maji ya uti wa mgongo. Hatimaye homa ya uti wa mgongo iliweza kuthibitishwa mgonjwa angali hai, kwa maji yaliyochafuka usaha. Huko Boston, mwaka 1925, George Tobey na James Ayer walikwenda mbali zaidi. Sindano ikiwa mahali pake, walibana mshipa wa shingo upande mmoja, kisha wa pili. Presha ya maji isipopanda kwa kubana upande wa sikio bovu, damu imeganda katika mkondo ulio nyuma ya mastoidi. Kipimo hicho cha vidole na sindano ni cha busara ya kustaajabisha.

Robert Bárány wa Vienna, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, aliwafundisha madaktari kusoma sikio la ndani kupitia macho. Macho yakirukia upande wa sikio lililopasuliwa, sikio la ndani limechokozwa. Yakirukia upande wa sikio zima, huenda limekufa.

Swali la iwapo sikio la ndani lingali hai lilipata uzito mpya mwaka 1956, John Shea alipoanza kuondoa kifupa cha ndani kabisa na kuweka cha bandia. Baada ya upasuaji, uma wa sauti ukiwekwa katikati ya paji la uso, mgonjwa mwenye pamba katika sikio lililopasuliwa hutarajiwa kusikia zaidi upande huo. Akisikia upande wa pili, sikio la ndani linahofiwa kudhurika.

Picha za kompyuta, zinazoonyesha ndani ya mwili bila kupasua, zilianza London mwaka 1971. Kwa uvimbe wa ngozi uitwao kolesteatoma, wapasuaji walizoea kulifungua sikio upya baada ya mwaka hivi ili kutafuta mabaki. Sasa picha maalumu za sumaku huwaepusha wagonjwa wengi na kisu hicho cha pili. Hata hivyo, chembe ndogo ya milimita mbili yaweza kujificha, ndiyo maana picha hurudiwa kwa miaka.