Picha za Siku za Mapumziko

Mwanafunzi mmoja wa shule ya sekondari mjini Mombasa alitakiwa na mwalimu wake alete kazi ya historia. Wenzake walileta insha juu ya vita, mikataba na watawala. Yeye alileta jalada lenye picha ishirini na nne alizozipiga mwenyewe siku za Jumapili katika ufuo wa Mama Ngina. Katika picha hizo watu wameketi wakitazama bahari, huku wakila mihogo iliyotiwa ndimu na pilipili. Watoto wanakimbizana chini ya mibuyu. Mzee mmoja amevua viatu, akiiangalia meli inayoingia bandarini. Mwalimu alilifungua jalada, akalitazama mpaka mwisho, kisha akauliza: "Picha ni nzuri, lakini historia iko wapi?" Mwanafunzi hakuwa na jibu. Insha hii ni jaribio la kumjibia.

Swali la mwalimu halikuwa la dharau. Tumezoea kudhani kuwa historia ni habari za watu walipokuwa kazini, vitani au kortini. Sababu ya mazoea hayo si ngumu kuifahamu. Mtu aliyelipa kodi jina lake liliandikwa katika daftari la kodi. Aliyeshtakiwa aliandikwa katika kitabu cha hukumu. Aliyechukuliwa jeshini aliandikwa katika orodha ya askari. Lakini mtu yule yule, jioni alipoketi ufukweni na rafiki zake akicheka, hakuandikwa popote. Furaha haikuacha hati. Basi msomaji wa siku za baadaye akifungua hati zilizobaki, aweza kudhani kuwa wazee wetu walizaliwa, wakatozwa, wakaadhibiwa, wakafa, bila ya kupumzika hata siku moja.

Kamera ingaliweza kuondoa kosa hilo tangu mwanzo, lakini haikuweza upesi. Njia ya Louis Daguerre ya kupiga picha ilipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, picha moja ilihitaji dakika kadhaa za mwanga. Yeye mwenyewe, mwaka 1838, alikuwa ameipiga picha barabara moja ya Paris iitwayo Boulevard du Temple. Barabara ile ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini katika picha inaonekana kama imehamwa, kwa kuwa kila kilichokuwa kikienda kilipita kabla ya kushikwa na mwanga. Aliyeonekana wazi ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Kwa muda mrefu baada ya hapo, aliyetaka kupigwa picha alilazimika kukaa kimya kama sanamu. Ndiyo maana nyuso katika picha za kale ni kavu: mchezo na kicheko havikuweza kungoja.

Mambo yalibadilika kidogo kidogo. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani aliuza kamera ya Kodak, iliyoshikwa mkononi. Na mwaka 1900 ikaja Brownie, kisanduku kidogo kilichouzwa kwa dola moja, ambacho hata mtoto aliweza kukitumia. Tangu hapo kamera ikaweza kutoka nje ya studio, ikafuata watu bustanini na ufukweni.

Lakini si watu wote waliofuatwa kwa nia moja. Hapa Afrika, wakati wa ukoloni, picha nyingi zilipigwa na wageni, kwa ajili ya macho ya wageni. Mwafrika alionyeshwa kama mpagazi mwenye mzigo kichwani, kama askari katika mstari, au kama mfano wa kabila lake. Mara nyingi chini ya picha liliandikwa jina la mpiga picha, wala halikuandikwa jina la aliyepigwa. Swali la nani ashike kamera, basi, halikuwa swali dogo.

Tutazame mfano wa mtu mmoja aliyelijibu kwa matendo. Malick Sidibé alizaliwa katikati ya miaka ya 1930 katika kijiji cha Soloba, katika nchi iliyoitwa Sudani ya Wafaransa, ambayo leo ni Mali. Jamaa zake walikuwa Wafulani, wafugaji na wakulima, naye utotoni alichunga mifugo. Alichaguliwa kwenda shule, na huko ikaonekana kuwa ana kipawa cha kuchora. Kwa sababu ya kipawa hicho alipelekwa Bamako, katika shule ya mafundi wa sanaa, akahitimu mwaka 1955 katika kazi ya usonara. Mwaka huo huo Mfaransa mmoja mwenye studio ya picha, Gérard Guillat, alitaka kijana wa kuipamba studio yake. Sidibé akaajiriwa, akabaki pale kama mwanagenzi, akijifunza kwa kutazama zaidi kuliko kwa kuambiwa. Mwaka 1956 alinunua kamera yake ya kwanza, nayo ilikuwa Brownie. Tajiri wake alikwenda kwenye dansi za Wazungu. Yeye alikwenda kwenye sherehe za Waafrika. Baadaye akafungua studio yake mwenyewe katika mtaa wa Bagadadji.

Mali ilipata uhuru tarehe 22 Septemba 1960. Vijana wa Bamako walijiunga katika vyama vya starehe na kuvipa majina ya wanamuziki na mambo mapya ya ulimwengu. Jumamosi usiku walicheza dansi katika nyua za nyumba, na Sidibé alizunguka kwa baiskeli kutoka sherehe moja hadi nyingine. Picha yake mashuhuri kuliko zote, ya usiku wa Krismasi wa mwaka 1963, yaonyesha kaka na dada wakicheza nje, vichwa vyao vimeinamiana, msichana yuko miguu mitupu. Jumapili vijana wale wale walikwenda kwenye Mto Niger, wakaoga, wakanywa chai, wakasikiliza santuri, wakapigana mieleka mchangani. Sidibé alikuwa pamoja nao. Katika picha moja ya mwaka 1976 marafiki wanajifanya kupigana kwa mawe kando ya mto. Mawe yameinuliwa juu kwa ukali, lakini ni mchezo mtupu.

Tusidhani kuwa starehe hiyo haikuwa na mashaka yake. Serikali ya Rais Modibo Keïta, iliyofuata siasa ya ujamaa, haikupendezwa na vijana walioiga mavazi na miziki ya nchi za Magharibi, na wazee wengi hawakupendezwa pia. Mwezi wa Novemba 1968 wanajeshi wakaipindua serikali hiyo. Hotuba za watawala wa zama zile zimehifadhiwa. Lakini hotuba hazituambii jinsi kijana wa miaka ishirini alivyouonja uhuru katika mwili wake mwenyewe: jinsi alivyosimama, alivyomshika rafiki yake bega, alivyoitazama kamera bila ya hofu. Jambo hilo limo katika picha za mtoni, na bila ya picha hizo lingalipotea.

Lakini picha peke yake haitoshi, na hapa ndipo mwanafunzi wetu apaswa kusikiliza kwa makini. Sidibé aliporudi studio alisafisha filamu, akachapa picha ndogo ndogo, akazibandika katika majalada ya karatasi ngumu. Juu ya jalada aliandika tarehe, pamoja na jina la chama au la sherehe. Vijana walikuja kujitafuta humo na kuagiza nakala. Ilikuwa njia ya biashara tu; shabaha yake ilikuwa kuuza picha. Hata hivyo, kwa kuandika vile alitimiza kazi ya mwanahistoria. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari," na nchi iitwayo Mali ilibahatika kupata mwenye daftari.

Picha za rangi zilipoenea, kazi yake ilipungua, naye alijipatia riziki kwa kutengeneza kamera mbovu na kupiga picha studioni. Majalada yalikaa kimya mpaka miaka ya 1990, yalipoanza kuonyeshwa nje ya mipaka ya nchi yake. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Hasselblad, na mwaka 2007 Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya Venice, akiwa Mwafrika wa kwanza kupata kila moja ya tuzo hizo mbili kwa kazi ya kamera. Alifariki Bamako tarehe 14 Aprili 2016.

Sisi pia hatukukosa mafundi. Lamu ilikuwa na studio ya Bakor, na kule Likoni, karibu na kivuko, wapiga picha waliweka vibanda vyenye pazia zilizopakwa rangi za meli na ndege, ili msafiri apigwe kama yuko safarini mbali. Leo karibu kila mtu ana simu yenye kamera, na picha zinazopigwa kwa siku moja hazihesabiki. Lakini wingi si hifadhi. Simu huibwa, huanguka majini, hufutwa. Na picha isiyo na jina wala tarehe, baada ya miaka hamsini, ni uso wa mtu asiyejulikana mbele ya bahari isiyojulikana.

Basi tumrudie mwanafunzi wa Mombasa. Swali la mwalimu, "Historia iko wapi?" lina jibu: imo ndani ya jalada, lakini ni nusu tu. Nilipozigeuza picha zake, nyuma yake hapakuwa na neno lolote. Yule mzee aliyevua viatu ni nani? Meli ile ilikuwa ikimkumbusha nini? Labda alikuwa kuli bandarini, labda baharia. Mpiga picha alisimama hatua tano kutoka kwake, asimwulize. Nilimshauri arudi Jumapili ijayo na kalamu, amwamkie mzee kwanza, amwombe ruhusa, ampe nakala yake, kisha aandike jina, mahali, siku na maneno machache.

Na wewe, msomaji, huhitaji kungoja kazi ya darasani. Nyumbani kwenu bila shaka mna picha moja au mbili za zamani, za babu na bibi waliokwenda kutembea siku ya sikukuu. Keti nao leo, maadamu wapo, uwaulize majina, ukayaandike nyuma ya picha kwa mkono wako.