Chumvi, Magadi na CAN: Stori ya Ayoni Iko kwa Sufuria na Shamba Yenu, Meru Hadi Embu

Kama ulikariri "metali inapeana, isiyo metali inachukua" ukiwa fom tuu halafu ukaisahau siku ya mwisho ya KCSE, tulia. Hizi vitu ziko kwenu nyumbani, na zingine zinakula doo ya mzazi wako kila msimu wa mvua.

Tuanze na chumvi. Atomu ya sodiamu iko na elektroni 11, zimepangwa 2, 8, 1. Klorini iko na 17, yaani 2, 8, 7, imebakisha moja tu ijaze. Sodiamu inaachilia ile moja ya nje, klorini inadaka. Yenye imepoteza inabaki na chaji chanya, yenye imepata inakuwa na chaji hasi. Hapo ndio zinaitwa ayoni, na chaji mbili tofauti zinavutana vibaya sana. Lakini usifikirie ni kapo ya watu wawili. Kwa punje ya chumvi kila ayoni ya sodiamu imezungukwa na za kloraidi sita, na kila kloraidi na sodiamu sita.

Huko kushikana ndiko kunaeleza tabia zake. Kuiyeyusha kwa moto peke yake unahitaji nyuzi 801 za Selsiasi, so sahau jiko la mathe. Ukiigonga inapasuka, haipindiki kama waya, juu safu moja ikisonga kidogo chaji zinazofanana zinaangaliana na kusukumana. Ikiwa kavu haipitishi stima kwa sababu ayoni zimekwama. Iweke kwa maji, ayoni zinaachiliwa, stima inapita. Mikono ikiwa imelowa jasho, kaa mbali na soketi.

Magadi ya githeri nayo? Hiyo ni sodiamu na kaboneti, na Ziwa Magadi huko Kajiado limejaa hiyo kitu. Ayoni za sodiamu zinaondoa zile za kalisiamu zenye zinashikilia ukuta wa maharagwe, ndio maana yanaiva mbio na kuni zinabaki. Shida ni kwamba magadi inaharibu vitamini B1. Weka kidogo, si mkono mzima.

Sasa mahali pesa iko: CAN. Wengi wanadhani lazima metali iwe ndani ndio kitu iitwe ya ayoni. Wapi! Amonia naitreti, ile sehemu yenye inaleta naitrojeni kwa hiyo gunia, haina metali hata moja. Amonia ya chaji chanya imeshikana na naitreti ya chaji hasi, basi. Kalisiamu inaingia tu kwa ile chokaa yenye imechanganywa.

Na hizo chaji ndizo zinaamua kama mahindi yenu ya Runyenjes ama Nkubu yatashiba. Udongo wa mfinyanzi kwa kawaida uko na chaji hasi nyingi. Unashika amonia, lakini naitreti unaiachilia. Mvua kubwa ya Aprili ama Novemba ikipiga, naitreti inayeyuka na kuteremka chini ya mizizi, mtoni ikikubali. Ndio maana ni poa kugawa CAN mara mbili, si kumwaga yote mara moja wakati mawingu yamejaa Mlima Kenya. Na ukifungua gunia, lifunge vizuri. Hii kitu inavuta maji ya hewa, kesho utapata mawe.

Mvua hiyo hiyo imeosha kalisiamu na magnesiamu kwa ile udongo nyekundu ya miteremko ya mlima kwa miaka mingi, ikaacha haidrojeni na aluminiamu. Udongo unakuwa chachu, mizizi ya mahindi inadumaa, na DAP ya kila msimu inazidisha. Dawa ni chokaa ya shamba, kalisiamu kaboneti: kaboneti inamaliza ile haidrojeni, kalisiamu inarudi kwa nafasi yake. Haiyeyuki haraka kama chumvi (si kila kitu ya ayoni inapenda maji), so imwage na uichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Ila kama buda amepanda majani chai, usiguse hiyo sehemu. Chai inataka udongo chachu.